Fuata Kinachotembea

Foleni ya unga ilitoka mlangoni, ikazunguka ukuta wa koperative, ikafika hadi barabarani kwa wauza mkaa. Ulikuwa mwaka wa tisini na mbili, mwaka ambao Likasi nzima, mji wa machimbo huko Katanga, ilijifunza kusimama. Watu walisimama kungoja mkate, walisimama kungoja mshahara usiofika, na jioni walisimama kwa majirani wenye redio kungoja habari ambazo wangetamani wasizisikie.

Nyuma ya dirisha dogo lenye vyuma alikaa Émérence, akipokea bon, kile kikaratasi ambacho mfanyakazi alipewa kazini ili achukulie mgao wake wa unga. Alivaa blauzi ya kitenge cha njano iliyombana vizuri mabegani, na kalamu ya akiba aliichomeka kwenye nywele zilizosukwa mstari mmoja mmoja. Sauti yake ilizoea kushinda kelele, na asubuhi hiyo uvumilivu ulikuwa umemwishia.

Mbele yake akasimama kijana mwembamba mwenye tai. Ilikuwa tai pana ya buluu, ya marehemu baba yake, iliyofichwa sandukuni miaka yote ile ambayo serikali ilikataza tai, na bado ilinuka naftalini. Kijana akasukuma bon dirishani. Badala ya kwenda upande wa unga kama wenzake, akabaki palepale akiutazama mkono wa Émérence.

"Papa, songa. Bengine banangoja."

"Nangoja nione utaiweka wapi."

"Nini?"

"Iyi karatasi. Ukishaiandika, inaenda wapi?"

Émérence akaweka kalamu chini. "Weye uko nani? Mutu wa sécurité?"

"Hapana. Minye ni comptable mupya. Tshimanga Hilaire. Nafwata karatasi."

"Unafwata karatasi, ao unafwata mwenye kuishika?"

Foleni ikaangua kicheko. Mzee mmoja nyuma akasema, "Mutoto, mujibu mbio, tupate bunga." Hilaire akashika tai yake kana kwamba imemkaba.

"Leo ni karatasi," akasema. "Kesho sijue."

Hapo ndipo yalipoanzia. Wapo watakaosema mapenzi hayawezi kuanzia kwenye foleni ya unga, lakini hao hawakuishi Likasi mwaka ule. Mtu angependea wapi kwingine?

Koperative Kazi Yetu ilikuwa na dirisha, stoo na uhasibu, na kila mwisho wa mwezi kila ofisi iliandika ripoti yake, na ripoti hizo hazikupatana hata kwa bahati mbaya. Meneja, Papa Nicolas, aliiambia kamati kwamba ni ujinga wa makarani. Alikuwa mtu wa vicheko, mwenye viatu vilivyong'aa hata siku za vumbi, na kamati ilimwogopa. Hata hivyo wakamwajiri Hilaire, aliyekuwa amesoma Lubumbashi, awaeleze kwa nini hesabu zao haziungani. Hilaire akasema hatahesabu chochote kabla ya kuchora. Kwa hiyo alizifuata karatasi, akisimama foleni kama kila mtu, akiulizauliza kila mkono ulichopokea na ulichotoa.

Saa za mchana, watu walipopungua, alikuja dirishani na karatasi ngumu ya kufungia mizigo, akaitandaza mezani kwa Émérence.

"Angalia." Akagusa mraba, kisha duara. "Mutu wa inje namuweka mu carré. Ni mufanyakazi, analeta bon, tunamupa bunga, anaenda kwabo. Kazi yenye inafanyika umu ndani, naiweka mu rond. Weye uko rond."

"Minye niko rond?"

"Kazi yako."

"Sema vile, sasa."

"Mushale njo kitu chenye kinatembea. Bon, bunga, rapport. Na mahali kitu kinalala, tuseme ile armoire, kabati ya bon, natia mistari mbili."

"Na chef unamuweka wapi? Juu?"

"Hapa hakuna juu. Schéma haiulize nani mukubwa. Inauliza paka tu nini inaingia na nini inatoka. Rond yenye inatoa kitu bila kuingiza kitu, ile ni muujiza. Yenye inaingiza bila kutoa, ile ni shimo."

Émérence alikuwa ameifanya kazi ile tangu mwaka uliopita bila mtu yeyote kumwambia bon zake huenda wapi zikishatoka mezani. Sasa aliiona kazi yake ikiwa na duara lake, mishale ikiingia na kutoka, na akaona fahari ambayo hakuitegemea. Akamtazama yule kijana na kidole chake chenye wino, akamsogezea kiti.

Penzi ni kikohozi, halifichiki. Kati ya dirisha na uhasibu kulikuwa na simu ya zamani ya kuzungusha mkono, iliyobaki kutoka enzi nzuri, na simu hiyo haikupumzika tena.

"Allo, comptabilité?"

"Allo, guichet. Kuko shida?"

"Kuko. Rond moya iko na njaa."

"Rond gani?"

"Yenye ulichora muzuri kushinda zingine."

"Ngoja saa sita, sukari yangu. Nitakutumia mushale ya mikate na kalanga."

"Uilete mwenyewe. Mushale hainipendeze kama haina mutu."

Walicheka, lakini walicheka kwa sauti ya chini. Mji ulikuwa unabadilika. Baba yake Hilaire alikuwa Muluba wa Kasai, aliyeletwa Katanga kuchimba shaba, akazikwa hapahapa. Hilaire alizaliwa Likasi, Kiswahili chake kilikuwa cha Likasi, na Kasai aliijua kwa kuhadithiwa na mama. Sasa wakubwa walisema redioni kwamba watu wa namna yake ni wageni waliokwisha kula vya kutosha. Vijana walianza kupita mitaani na vitambaa kichwani, wakiimba. Milango fulani ilikutwa asubuhi imechorwa msalaba wa mkaa. Émérence alikuwa Mkatanga, binti wa huko Kapolowe, na Yaya wake, yaani kaka yake mkubwa Cyrille, aliyekosa kazi tangu karakana yao ilipofungwa, alikuwa mmoja wa wale waimbaji.

Siku moja Hilaire alimwonyesha duara la mwisho.

"Bon zote zinatoka kwako, zinaenda ku bureau ya Papa Nicolas. Bunga ya stoo, rapport yake pia inaenda kule. Minye nilitafuta mushale ya kutoka. Hakuna."

Émérence akaangalia mlango, kisha akanong'ona. "Ni shimo."

"Ni shimo. Jumatatu nitaonyesha kamati."

"Hilaire, usionyeshe. Mu Likasi ya leo, Muluba haoneshe mambo ya chef."

"Siandike jina ya mutu. Naandika kazi."

"Beko na macho ya kusoma kazi? Batasoma weye."

Alimwomba sana. Hilaire akamshika mkono, akasema kwamba akinyamaza, makarani ndio watakaofukuzwa, na karani wa kwanza ni yeye Émérence. Jumamosi akampa mchoro mzima aende nao nyumbani, akague sehemu yake kabla ya mkutano. Émérence akaukunja, akautia mkobani, na njia nzima aliona kama amebeba kaa la moto.

Cyrille aliuona Jumapili alipokuwa anatafuta kiberiti mkobani mwa dada yake. Aliutandaza mezani, akauinamia muda mrefu. Pembeni kulikuwa na miraba yenye majina ya mitaa, Panda, Shituru, Kikula, maana huko ndiko wafanyakazi walikotoka na bon zao. Juu ya miraba hiyo Hilaire alikuwa ameandika kwa herufi kubwa EXTÉRIEUR, yaani nje, na kila mraba ulichomwa na mishale. Mhasibu yeyote angeona watu wa nje na karatasi zao. Cyrille, ambaye miezi kadhaa alikuwa ameambiwa kila jioni kwamba Waluba wanapanga kuwaua, aliona nyumba za wenzake na njia za kuzishambulia.

"Émérence. Nani alichora ii?"

Émérence alikuwa uani akichambua sombe, majani ya muhogo. Angeweza kumwambia kaka yake kila kitu, jina, kazi, hata penzi. Lakini aliuona uso wake.

"Sijue, Yaya. Nilipata ku bureau."

"Haujue."

"Sijue."

Cyrille akaubeba mchoro kwa Papa Nicolas, kwa kuwa huyo ndiye msomi wa mtaa na ndiye angewaeleza. Na kweli, Papa Nicolas alielewa upesi kuliko mtu yeyote. Kidole chake kilifuata mishale hadi kwenye duara lake mwenyewe, kikasimama. Hakucheka. Alimkaribisha Cyrille kiti, akamwambia kwa huzuni kubwa kwamba alichoshika ni mpango wa vita, na kwamba mwenye mkono huo anamjua, ni yule Muluba wa uhasibu.

Jumatatu asubuhi, kabla ya kamati kukaa, Cyrille na vijana wengine walijaa kwenye chumba cha dirisha. Waliobaki walizunguka uani na marungu. Foleni ilitawanyika kimya kimya.

"Mwite," Cyrille akasema. "Mwambie akuye hapa."

"Yaya, huyu mutu hana kosa."

"Ulisema haumujue."

Cyrille akamsukumia simu, akainama karibu hadi sikio lake likagusa nywele zake. Émérence akazungusha mkono wa simu.

"Allo, comptabilité?"

"Allo, sukari yangu. Uliamka muzuri?"

"Monsieur le comptable, banakuita ku guichet. Mbio." Akaongeza, "Kuya na njia yenye bunga inakuyaka."

"Anakuya?" Cyrille akauliza.

Simu ikakatika.

Unga wa koperative ulishushwa kwenye reli, ukaingia stoo kwa mlango wa nyuma, ndipo ukafika dirishani. Anayekuja kwa njia ya unga lazima kwanza atoke nje hadi kwenye reli, mbali na uani, mbali na marungu. Émérence hakuweza kusema zaidi ya hapo. Lakini Hilaire hakusikia njia. Alichosikia ni mwanamke anayempenda akimwita "Monsieur", na sauti ya mwanamume kando yake ikiuliza kama anakuja. Alichungulia dirisha la ofisi yake, akaona marungu. Akakimbilia mlango wa stoo kwa sababu ndio uliokuwa karibu, akavuka reli, na kila alipoweka mguu aliwaza jambo moja tu, kwamba Émérence amemuuza.

Nyumba yao huko Kikula ilikuwa inaungua. Mama yake, Mama Clotilde, alikaa kwenye sanduku katikati ya barabara, amebeba sufuria. Hakuwa analia. Alimwambia mwanawe aitoe ile tai, maana inamtambulisha. Wakaenda stesheni, kama Waluba wote wa Likasi walivyokuwa wakienda.

Siku zile hata mimi ninayesimulia natamani kuzipita haraka. Maelfu ya watu walilala stesheni chini ya vipande vya nailoni, ndani ya mabehewa mabovu, kwenye veranda, wakingoja treni ya kuwapeleka Kasai. Watoto waliugua kuhara. Mkatanga aliyesogea pale alidhaniwa jasusi, na Muluba aliyetoka pale hakuwa na hakika ya kurudi. Émérence alibaki dirishani kwake, akipokea bon. Mmoja alimwambia yule mhasibu alipigwa mawe kwenye reli. Mwingine alimwambia alipanda treni ya kwanza. Alijilaumu kwa lile neno "sijue", na usingizini alijikuta akizungusha simu isiyopokelewa.

Halafu ikawa siku ya soko, alipokuwa akinunua samaki wa Lufira kwa Mado, rafiki yake tangu shuleni. Mado alifungua fundo la kitenge kutafuta chenji, na kati ya noti kulikuwa na kipande cha karatasi. Kilikuwa kimekatwa upande mmoja kwa mawimbi, kama mgongo wa mamba.

"Iyi ni nini?"

"Bon ya maharage. Mama moya wa ku gare, kule stesheni, alinipa, nikamupa samaki. Masista banagawa kule."

Émérence akaishika ile bon. Koperative nzima hakuna aliyewahi kukata bon namna hiyo, lakini kuna mtu mmoja aliyemwambia, huku wakila mikate na karanga, kwamba ingekuwa amri yake kila bon ingekatwa kwa mkono, ovyo ovyo, ili kipande kimtambue mwenzake. Alikuwa hai. Au alikuwa hai siku bon ile ilipokatwa. Lakini kati ya maelfu wale angemtafuta wapi? Usitafute mtu, Hilaire alikuwa akimwambia kila makarani walipobishana, fuata kinachotembea.

"Mado, nionyeshe ule mama."

"Uko na wazimu. Batakuua."

"Nionyeshe mupaka ku barrière."

Akaifuata bon ile kinyumenyume. Kutoka kwa Mado hadi kwa yule mama kwenye uzio, mama mwenye mtoto mgonjwa mgongoni. Kutoka kwa mama hadi kwenye behewa lake, ambako mkuu wa behewa ndiye aliyemgawia. Kutoka kwa mkuu wa behewa hadi kwenye meza ya masista, chini ya paa la mizigo. Kila hatua watu walimkodolea macho, lakini hakurudi. Alikuwa ameshaiona meza aliposhikwa mkono.

Walikuwa vijana wa Kasai wenye fimbo, walinzi wa stesheni. Mmoja akamuuliza jambo kwa Kiluba. Hakuelewa. Akarudia kwa ukali.

"Sisikie ile luga," Émérence akasema.

"Njo vile. Espionne. Jasusi. Ulitumwa na nani?"

Watu wakasogea. Macho yao yalikuwa yamechoka na hayakuwa na huruma. Kwenye meza, kijana mmoja aliyekuwa akikata bon kwa mkasi aliinua kichwa. Alikuwa amekonda, shati lake halikuwa na vifungo.

"Hilaire, unamujua huyu?" mlinzi mmoja akauliza.

"Namujua." Hakusimama. "Njo aliniita nikuye niuawe."

Émérence alihisi kama amepigwa kofi. Vijana wakamkaza mkono. Akasema upesi, "Hilaire. Bunga inakuyaka na wapi?"

Hilaire akakata bon nyingine.

"Weye njo ulichora. Bunga inakuyaka na wapi?"

"Ku reli," Hilaire akasema polepole. "Inaingia na mulango ya nyuma. Mu stoo. Kisha..." Mkasi ukabaki wazi mkononi mwake. "Minye nilitoka na kule."

"Njo nilikutuma kule. Yaya yangu alikuwa na sikio mu kichwa yangu, ningesema nini ingine?"

"Nilifikiri ni miguu yangu iliniokoa." Akasimama, machozi yakimtoka bila kujificha. "Émérence, nilikulaani kila siku."

"Laana yako haikunipata, mupenzi. Nilikuwa nimeshakufa na woga."

Lakini walinzi hawakumwachia. "Mapenzi inamupofusha," mmoja akasema. "Huyu ni ule wa guichet, na yaya yake njo mwenye kuchoma Kikula."

Hapo akatoka Mama Clotilde, sufuria mkononi. Watu wakampisha. Alisimama mbele ya Émérence, akamtazama kuanzia kitambaa cha kichwa hadi kandambili.

"Mutoto. Yaya yako alikuwa mu bale benye kuchoma nyumba yangu?"

Émérence angeweza kusema hajui. Neno lilikuwa palepale mdomoni, jepesi, na Hilaire aliliogopa kuliko fimbo zote.

"Ndiyo, mama. Alikuwa."

Mama Clotilde akafungua kitenge cha pili alichojifunga kiunoni, kile pekee alichokuwa amekiokoa zaidi ya alichokivaa, akamfunga nacho Émérence, akakaza fundo kwa nguvu kama anayemwadhibu.

"Mumuache," akawaambia walinzi. "Ni muke ya mutoto yangu. Mwenye kumugusa, aniguse minye kwanza."

Hakuna aliyetaka kubishana na mjane aliyechomewa nyumba. Mkono wa Émérence ukaachiwa. Hilaire akamvuta kando ya meza, lakini hakumkumbatia. Aliogopa hata hilo.

"Usikilize," akasema. "Minye sina nyumba, sina kazi. Kule tunaenda sijafika hata siku moya. Ukikatala, uko na haki."

"Uko nanichumbia ao uko naogopa?"

"Naogopa, njo nakuchumbia."

"Na minye naogopa," Émérence akasema. "Andika jina yangu mu liste ya treni."

Treni ikaja wiki ileile, mabehewa ya madini yasiyo na paa. Watu walipandishana kama magunia. Émérence alikaa kati ya Hilaire na mama mkwe wake, kitenge cha Mama Clotilde kimemzunguka, akirudia chini kwa chini maamkio ya Kiluba aliyofundishwa asubuhi, "moyo wenu, moyo wenu," na kila aliporudia alikosea na mama mkwe alimsahihisha bila kutabasamu.

Ndipo akamwona Cyrille. Alikuwa peke yake kwenye jukwaa, bila kitambaa kichwani, akipita behewa baada ya behewa akichungulia. Behewa zima likajikunyata. Mtu akaokota jiwe la shaba lililobaki sakafuni.

"Émérence," Cyrille akasema alipomwona. "Shuka. Nakuomba. Mama iko nalia."

"Uambie mama niliolewa."

"Na nani?"

Cyrille alijua na nani. Alitaka tu kuona kama atathubutu. Émérence akashika ukingo wa behewa, akasimama watu wote wamwone.

"Na Tshimanga Hilaire. Ule mwenye alichora. Alichora kazi yetu, Yaya, haikuwa vita. Papa Nicolas alikudanganya."

Cyrille akamtazama Hilaire. Hilaire alikuwa anatetemeka, na Cyrille naye alikuwa anatetemeka. Treni ikashtuka, ikaanza kuvuta, na yeye akaanza kutembea kando ya behewa, kisha kukimbia kidogo kidogo, mkono wake ukigusa chuma. Émérence alingoja jiwe, au laana.

"Iyi wagon haina juu," Cyrille akasema, pumzi zikimwishia. "Na mvua iko karibu. Funika kichwa."